Jina la Kanga

Karafuu hazikunuka.
Hilo ndilo lililonishtua mwanzo,
maana Wete msimu huu hata chumvi inanuka karafuu,
hata noti ya elfu mbili, hata kisogo cha mtoto,
na pale, uani kwa bibi, jamvi zima limeanikwa,
wekundu unaelekea weusi,
nami nimeinama, nimetia pua,
hamna.

Nikasema, taratibu, kama mtu anayepita kando ya mtoto aliyelala:
Salhina, unaota.

Na sikuamka.

Mngeuona mwanga ule!
Kila konyo limesimama na kivuli chake.
Nikahesabu matundu ya chujio la chai lililotundikwa ukutani,
mia na kumi na tisa, na la pembeni limeziba kwa kutu.
Bakuli la buluu lenye pengo, pengo lenye umbo la ukucha.
Nikataka mvua, ikanya. Nikaikataza, ikasimama hewani,
matone yamening'inia, hayana pa kwenda.
Nikacheka. Nikapita katikati yake kwa bega.

Halafu Mize, mkekani, anachambua makonyo
kwa mkono wa kushoto kama alivyozaliwa,
mkono aliopigiwa chuoni hadi akajifunza kuuficha.
Mgongoni kanga ile ya rangi ya ubuyu.
Nikasoma jina lake: SIKUJUA KAMA UTAKUJA.
Nikapeleka macho paani, nikayarudisha:
MAJI YAMEJAA FUNGA MLANGO.
Mara ya tatu herufi zilikuwa zinahama kama sisimizi.
Basi nikawa na yakini. Na nikajua muda ni mfupi.

Swali langu nimelibeba miaka kumi na mmoja.
Nimelipeleka matangani, hitimani, hospitali ya Chake,
chini ya ulimi, halijayeyuka.
Nikaliuliza wazi:
"Mize, siku ile ulinipigia simu mara tatu.
Ulitaka kunambia nini?"

Akaweka konyo chini.
Akanitazama. Jicho lake la kulia lina doa dogo la kahawia
nililolisahau kabisa, wallahi, picha hazina doa lile.
Akasema, "Weye nawe! Kwani hilo tu?"
Akanijibu.

Jibu refu, lenye jina la mtu, na tarehe, na kicheko katikati.
Nikaitikia kwa kichwa. Nikasema, aa, kumbe.
Kitu kifuani kikaingia mahali pake,
kama droo iliyokwama tangu tuhamie.

Pampu ya maji ya jirani ikaanza kukohoa.

Sikufungua macho, nisije nikamwaga.
Nikapapasa penseli, na daftari la madeni ya duka,
nikaandika gizani, nyuma ya deni la Bi Riziki.
Kulipokucha nikasoma mwandiko wa mlevi:
*chujio 119. bakuli. doa jicho la kulia. mvua ilisimama. KUMBE.*

Kumbe nini, Salhina?

Leo siku ya tisa, na bado naliona kila tone.
Lile pengo la bakuli ningekuchorea vumbini.
Ya jana, niliyoyaishi kwa macho makavu,
nani kakopa sukari, mpwa wangu kavaa nini,
yamepauka kama kanga ya kupigia deki.
Lakini midomo yake ikifunguka,
sauti naisikia, ile yake ya puani kidogo,
na ndani ya sauti hamna hata neno.

Nimefungua sanduku. Kanga ipo, udi wake umekwisha.
Nje wanaanika. Harufu imepanda ngazi,
imeingia bila hodi kunambia niko macho.
Nimeitandaza kitandani, nimesoma:
TULICHONACHO CHATUTOSHA.
Nikatazama dari. Nikarudisha macho.
TULICHONACHO CHATUTOSHA.
Nikenda dirishani, nikahesabu hadi kumi, nikarudi.
Herufi zimetulia, kila moja na wino wake.

Nikatazama dari tena.